Sauti: huzaliwa wapi, husafiri namna gani

Watoto, nyamazeni kidogo. Wekeni kalamu chini, fungeni macho, msikilize mpaka mwalimu ahesabu polepole hadi ishirini.

Sasa fungueni macho. Mmesikia nini? Mmoja atasema: nimesikia jogoo nyuma ya nyumba ya mwalimu. Mwingine atasema: nimesikia mama anayetwanga mihogo. Wengine wamesikia motokari iliyopanda kilima, au watoto wa kilasi cha kwanza wanaoimba hesabu, au upepo katika migomba. Lakini hapana hata mmoja wenu aliyemwona jogoo yule, wala mchi ule. Macho yalifungwa, tena ukuta ulikuwa katikati. Basi jogoo aliingiaje kichwani mwako? Ni kitu gani kilichotoka kwake, kikapita dirishani, kikakufikia bila kuonekana?

Hilo ndilo ulizo la somo hili. Tutalijibu kwa mikono yetu wenyewe, maana vyombo vyote vinavyohitajiwa vipo kijijini: ngoma, punje za mchele, uzi, jiwe, makopo mawili matupu na bakuli la maji.

KITU KINACHOTETEMA

Weka vidole viwili juu ya koo lako, useme kwa nguvu: Aaaa. Waonaje chini ya vidole? Koo linatetema, kama nyuki aliyefungwa ndani ya kiganja. Nyamaza: kutetema kumekwisha. Sema tena: kumerudi.

Tazameni ngoma sasa. Lalisheni ngoma ya ngozi, ngozi ikiwa juu, mnyunyize punje kumi za mchele. Mwenzenu mmoja aipige taratibu pembeni. Punje zinarukaruka. Hakuna aliyezigusa, ni ngozi inayozirusha, kwa kuwa inakwenda juu na chini upesi mno, wala jicho haliwezi kuifuata. Sasa mwingine aweke kiganja chake juu ya ngozi. Punje zinatulia, na sauti inakufa papo hapo.

Ndivyo ilivyo na kisanji. Ukibonyeza ulimi wa chuma na kuuachia, unauona kama umekuwa mpana, na ncha yake haionekani wazi. Haukupanuka: unakwenda na kurudi upesi. Ndivyo ilivyo hata na kengele ya kanisa. Ikikwisha kupigwa, iguse pembeni kwa ukucha: utasikia inakuuma kidogo. Ishike kwa mikono yote miwili: itanyamaza. Kengele nzuri hufanywa kwa kuyeyusha shaba pamoja na bati, karibu sehemu nne za shaba kwa sehemu moja ya bati. Shaba peke yake ni laini, hulia vibaya. Bati huifanya ngumu, na chuma kigumu hutetema muda mrefu. Katika nchi yetu ya Kongo shaba huchimbwa Katanga na bati huchimbwa Maniema, basi kengele ingeweza kuzaliwa kwetu kabisa.

Jambo la kwanza ni hili: kila sauti hutoka katika kitu kinachotetema. Mtu akikuambia kwamba amesikia sauti isiyotoka katika kitu chochote, mwambie atafute tena.

Lakini kwa nini sauti ya baba ni nene, na ya mtoto ni nyembamba? Shika rula yako. Weka sehemu moja juu ya meza, uibane vizuri kwa mkono wa kushoto, na sehemu ndefu ibaki nje. Ipige ile sehemu ya nje kwa kidole. Inakwenda polepole, na sauti yake ni nene. Ivute ndani, ibaki fupi nje, upige tena. Sasa inatetema upesi, na sauti ni nyembamba. Basi kutetema polepole ni sauti nene. Kutetema upesi ni sauti nyembamba. Koo la mwanamume hutetema mara 100 na zaidi kidogo katika sekunde moja. Koo la mtoto hutetema mara 250 na zaidi. Mbu anayekusumbua usiku haimbi kwa kinywa: ni mabawa yake, yanayopiga hewa mara 400 na zaidi kila sekunde. Ndiyo maana sauti yake ni nyembamba kuliko yako.

Wanafunzi wengi huchanganya sauti nyembamba na sauti kubwa. Ni mambo mawili mbalimbali. Piga rula ileile kwa nguvu zaidi: sauti inakuwa kubwa, lakini haikuwa nyembamba. Nguvu hufanya ukubwa. Upesi hufanya wembamba. Simba ana sauti nene na kubwa. Mbu ana sauti nyembamba na ndogo. Nani ana sauti nyembamba na kubwa? Kila mama mwenye mtoto mchanga anajua jibu.

Sikio la mtu lina mipaka. Kitu kikitetema chini ya mara 20 kwa sekunde, hatusikii. Kikizidi mara 20,000, hatusikii vilevile. Wanyama wengine wanasikia. Popo hulia sauti nyembamba kupita masikio yetu, kisha husikiliza mwangwi wake, na hivyo huruka gizani bila kugonga mti. Na tembo husemezana kwa sauti nene mno. Mwaka 1984 mtaalamu mmoja wa Marekani, Katharine Payne, alisimama karibu na tembo katika bustani ya wanyama huko Portland. Hakusikia kitu, lakini alisikia hewa inatetema kifuani mwake. Ndipo watu walipoanza kuchungua, wakakuta kwamba tembo walikuwa wakisema muda wote.

HEWA NDIYO MCHUKUZI

Jogoo ametetemesha koo lake. Vema. Lakini koo lake liko kule, na sikio lako liko hapa. Nani amebeba habari?

Jaza bakuli maji, ungoje yatulie. Weka kipande kidogo cha jani kavu juu ya maji. Kisha dondosha kijiwe katikati. Duara linazaliwa, linapanuka, linafika ukingoni. Angalia jani lako: limepanda na kushuka, lakini halikwenda ukingoni. Basi si maji yaliyosafiri. Kilichosafiri ni wimbi tu.

Hewa pia ina mawimbi, ila yake si ya kupanda na kushuka. Ni ya kusukumana. Wanafunzi kumi wasimame katika mstari, kila mmoja aweke mikono juu ya mabega ya mwenziwe wa mbele. Mwalimu amsukume yule wa nyuma kabisa, pole pole. Yeye anamsukuma wa mbele yake, kisha anarudi mahali pake. Wa pili anamsukuma wa tatu. Na mwisho yule wa kwanza anasukumwa, wala mwalimu hakumgusa. Hapana aliyetoka mahali pake. Msukumo peke yake ndio uliotembea.

Ngozi ya ngoma ikitoka nje, huisukuma hewa iliyo karibu nayo. Ikirudi ndani, hewa hulegea. Inatoka tena, inasukuma tena. Misukumo hiyo hufuatana hewani kama mawimbi ya bakuli, lakini pande zote: mbele, nyuma, juu na chini. Ndiyo maana aliye juu ya mti husikia, na aliye bondeni husikia vilevile. Na kwa kuwa wimbi linapanuka pande zote, nguvu yake hugawanyika, na aliye mbali husikia kidogo.

Je, hewa ikiondolewa? Mwingereza mmoja, jina lake Robert Boyle, alijaribu jambo hilo, akaandika habari zake mwaka 1660. Alitundika saa kwa uzi ndani ya chombo cha kioo, akaanza kutoa hewa kwa pampu. Saa iliendelea kwenda, mshale wake ulionekana ukitembea, lakini mlio wake ulififia mpaka haukusikika. Aliporudisha hewa, mlio ulirudi. Kwa hiyo, pasipo na hewa wala maji wala kitu kingine, sauti haina njia. Kule mwezini, ambako hakuna hewa, ungeweza kupiga ngoma mpaka uchoke, na aliye kando yako asisikie.

SAUTI INAKWENDA UPESI GANI?

Kwa kazi hii twahitaji kipimo cha sekunde. Shule nyingi hazina saa ya kufaa, lakini kila shule inaweza kuifanya. Funga jiwe dogo zito kwenye uzi, uutundike kwenye msumari au kwenye tawi. Kutoka msumari hadi katikati ya jiwe pawe na meta moja kamili. Pimeni vizuri, maana kosa la vidole viwili huharibu hesabu. Livute jiwe kando kidogo tu, uliachie. Kutoka upande huu hadi upande ule, jiwe hutumia sekunde moja. Kurudi, sekunde moja tena.

Sasa tutoke nje, mahali palipo wazi, barabara ndefu au uwanja mkubwa. Mwanafunzi mmoja akae kando ya jiwe linalobembea, na ngoma mbele yake. Kila mara jiwe likifika mwisho wa upande, apige pigo moja, akiinua fimbo juu ili ionekane. Wengine wote waanze kwenda mbali naye pamoja na mwalimu, wakigeuka kumtazama.

Karibu naye, fimbo na sauti vinakwenda pamoja. Baada ya meta mia moja hivi, mtaona jambo la ajabu: fimbo imekwisha kushuka, na sauti inakuja nyuma yake. Endeleeni. Mahali fulani sauti itakuja wakati fimbo iko juu kabisa, kana kwamba ngoma inalia kwa kuinuliwa fimbo. Endeleeni tena, mpaka fimbo na sauti vipatane upya. Simameni hapo. Sauti mnayoisikia si ya pigo mnaloliona, ni ya pigo lililotangulia. Imetumia sekunde moja kamili kuwafikia. Mpigeni mwenzenu ishara aache. Mikono yake imetulia, na ngoma inalia bado mara moja! Wengi hucheka hapo, na ni haki yao.

Pimeni mahali mliposimama mpaka kwenye ngoma. Mkifanya kazi vizuri mtapata karibu meta 340. Ndio mwendo wa sauti hewani: meta 340 kila sekunde, na zaidi kidogo siku ya joto kali. Kilometa moja huchukua sekunde tatu. Hakuna mkimbiaji wala motokari ya barabarani ya kushindana nayo, lakini mbele ya nuru sauti ni kama kinyonga: nuru hukimbia kilometa 300,000 kwa sekunde moja.

Sauti hupita pia katika maji, tena kwa upesi zaidi. Mwaka 1826 watu wawili, Colladon na Sturm, walipima jambo hilo katika ziwa la Geneva, huko Ulaya. Walikaa usiku katika mitumbwi miwili, mmoja huku na mmoja kule, na kati yao kilometa 13 na nusu. Mmoja alipiga kengele iliyozamishwa ndani ya maji, na wakati uleule akawasha baruti ili mwanga uonekane. Mwenziwe aliona mwanga, akaweka sikio kwenye bomba refu lililoingia majini, akahesabu. Kengele ilifika baada ya sekunde 9 na kitu. Gawanyeni wenyewe: mtapata meta 1,400 na zaidi kwa sekunde moja, mara nne ya hewa. Wavuvi wa Tanganyika na wa Kivu hawatashangaa. Wanajua kwamba kugonga mtumbwi huwakimbiza samaki walio mbali.

Katika chuma, sauti hukimbia kupita hapo, karibu meta 5,000 kwa sekunde. Watoto wengine, wakijua habari hiyo, hulaza sikio juu ya reli kungojea treni. Ni upumbavu, na umekwisha kuua watu. Mwenye kutaka kujaribu, alaze sikio juu ya meza ndefu, na mwenziwe aikwaruze kwa ukucha upande wa pili. Atasikia mkwaruzo mkubwa, na aliyesimama hasikii kitu.

Mkitaka mchezo, toboeni makopo mawili chini, mpitishe uzi mrefu, mfunge vifundo ndani. Mmoja asemee ndani ya kopo, mwingine aweke kopo lake sikioni. Uzi unyooshwe sawasawa. Ukilegea, au mtu akiushika katikati, maneno hufa njiani. Nadhani mwaweza kusema sababu yake, kwa kukumbuka kiganja juu ya ngozi ya ngoma.

NGURUMO YA MVUA

Sasa tufike kwenye jambo la kufa na kupona.

Umeme ukipiga, hewa ya njia yake huwa moto kufika digrii 30,000 hivi. Hewa hiyo hupasuka kwa kupanuka, kama baruti. Mpasuko huo ndio ngurumo. Umeme na ngurumo vyazaliwa pamoja. Ila nuru inafika mara moja, na sauti inakuja kwa miguu yake. Na kwa nini ngurumo hujivuta, bubububu, hata sekunde nyingi? Kwa sababu njia ya umeme ni ndefu, kilometa kadhaa. Mlio wa mwisho wake ulio karibu nawe unatangulia, mlio wa mwisho wa mbali unafuata, na milima inarudisha mwangwi juu yake.

Basi mwenye kujua somo letu anaweza kupima umbali wa radi bila chombo. Ukiona mwanga, anza kuhesabu sekunde: mia na moja, mia na mbili, mia na tatu. (Jizoezeni kuhesabu hivyo mbele ya jiwe la uzi, msije mkaenda mbio kwa hofu.) Ukisikia ngurumo, acha. Gawanya kwa tatu. Umehesabu 15? Radi imepiga kilometa 5 kutoka kwako. Umehesabu 6? Kilometa 2.

Watu wengi hudhani kwamba kilometa tano ni mbali, nao huendelea kulima au kucheza mpira, wakingoja mvua ianguke. Ni kosa. Radi inaweza kupiga kilometa 10 mbele ya mvua. Kwa hiyo, ukihesabu usifike 30, ondoka mahali ulipo. Kama u katika mtumbwi, rudi ufukoni. Kama u shambani, acha jembe. Ingia katika nyumba kamili yenye kuta imara, au katika motokari iliyofungwa. Kaa mbali na mlango, na nyaya, na mabomba. Usisimame chini ya mti uliojitenga: umeme hupenda kilicho kirefu, kisha huruka kutoka mti hadi kwa mtu. Ukikosa nyumba kabisa, shuka kutoka kilimani, chuchumaa miguu ikiwa pamoja, usilale chini. Nanyi mkiwa wengi, achaneni. Tena msitoke mara mvua inapokwisha. Ngojeni nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Hii si habari ya nchi za mbali. Tangu mwaka 1998 mpaka 2013 chombo kilichozunguka angani, kilichotumwa na Marekani na Japani, kilihesabu miali ya umeme katika nchi za joto za dunia nzima. Katika Afrika yote mahali pa kwanza palikuwa Kongo, katika milima ya upande wa magharibi wa Ziwa Kivu, karibu na Kabare: miali zaidi ya 200 kwa mwaka katika kila kilometa ya mraba. Duniani palipopita hapo ni pamoja tu, ziwa la Maracaibo huko Venezuela.

Mtu akipigwa na radi, msimwogope. Umeme haubaki mwilini mwake, anagusika. Wengi waliopigwa hupona wakisaidiwa upesi. Kama hapumui, anayejua kumpulizia pumzi na kumkandamiza kifua aanze pale pale, na wengine wakimbie kuita hospitali. Wapo watu ambao badala ya kumsaidia huanza kutafuta jirani wa kushitaki, wakisema yeye ndiye aliyeituma radi. Radi haitumwi na jirani. Hufuata njia iliyo fupi, mti mrefu au mtu aliyesimama peke yake uwanjani. Na kwa shitaka la namna hiyo wazee wasio na kosa wamefukuzwa katika nyumba zao.

NGOMA INAYOSEMA

Chini ya mji wa Kisangani, kando ya Mto Kongo, wanakaa Walokele, watu wa mtumbwi na wa soko. Wanayo ngoma isiyo na ngozi. Huchukua gogo la mti mgumu, hulichimba ndani kwa kupitia ufa mwembamba uliopasuliwa juu, hata libaki na midomo miwili. Huchimba upande mmoja zaidi ya wa pili, kwa hiyo midomo hiyo haitoi sauti moja: mmoja ni mnene, mmoja ni mwembamba. Wasemao Lingala huiita ngoma hiyo lokole.

Kwa sauti mbili tu, watu huongea. Yawezekanaje? Mwenye kusema Kiluba, Kilega au Mashi nyumbani anajua siri. Katika lugha hizo neno lina sauti za juu na za chini, na ukizigeuza, umesema neno lingine. Kiswahili hakina jambo hili: kuku ukimtaja juu au chini ni kuku yuleyule. Walokele hupiga juu na chini ya maneno, bila maneno yenyewe.

Lakini kuna tatizo. Maneno mengi yana sauti sawasawa. Kwa Kilokele, mwezi na kuku yote mawili ni juu-juu. Mpigaji akipiga juu-juu, nani atajua kama ameita mwezi au kuku? Basi hapigi neno peke yake. Hupiga maneno mengi. Kwa mwezi husema mwezi unaoitazama dunia kutoka juu. Kwa kuku husema kuku yule mdogo na mlio wake. Urefu wa maneno ndio unaoondoa shaka. Mwingereza John Carrington, mmisionari na mwalimu, alifika huko mwaka 1938, akajifunza kupiga yeye mwenyewe, akaandika kitabu juu ya ngoma hizi mwaka 1949. Wenye kutengeneza simu na redio wanajua shauri lilelile: penye makelele, ongeza maneno, usiongeze nguvu tu.

Usiku ngoma hiyo inaweza kusikika karibu kilometa 10. Mwenye miguu atatembea saa mbili. Sauti hufika kwa nusu dakika. Na kwa nini usiku? Kwanza, watu na ndege wamelala. Tena, mchana hewa ya chini ni ya moto, nayo huipindisha sauti juu, ikapotea angani. Usiku hewa iliyo karibu na nchi na mto hupoa kuliko ile ya juu, na sauti hupindishwa chini, ikarudi kwa watu.

SIKIO LENYEWE

Masafari yote haya huishia katika tundu ndogo. Ndani yake, mwisho wa njia fupi, imefungwa ngozi nyembamba kama ngozi ya ngoma. Misukumo ya hewa huigonga, nayo hutetema sawasawa na kitu kilichotoa sauti. Nyuma yake kuna mifupa mitatu midogo inayoshikana. Wa mwisho una urefu wa milimeta 3 tu, nao ndio mfupa mdogo kupita yote mwilini. Huo hugonga chombo kilichozungushwa kama kombe la konokono, kilichojaa maji. Ndani ya maji hayo zimo chembe zenye vinyweleo, 15,000 hivi, zinazotetemeshwa na kupeleka habari kwenye ubongo. Chembe hizo zikifa hazioti tena. Huuawa na makelele makubwa ya muda mrefu, kama ya mashini za kusaga au muziki wa vipaza sauti ukiwa karibu mno.

Usitie kijiti wala ufunguo wala unyoya sikioni. Ngozi ile hupasuka kwa urahisi. Sikio likitoka usaha, si jambo la kungoja. Mpelekeni mtoto kwa mganga wa hospitali, maana usaha unaodumu hula mifupa ile mitatu.

Na tazameni pia katika kilasi. Yupo pengine mwenzenu ambaye mwalimu akimwita nyuma yake haitiki. Huandika neno lingine kuliko lile lililosomwa. Huwatazama watu vinywani wakisema. Wengine wamekwisha kumpa jina la mvivu au la mpumbavu, naye hakusikia hata jina hilo. Mwambieni mwalimu. Akae mstari wa mbele, mtu aseme naye uso kwa uso na polepole, apelekwe kupimwa. Kuna waliopata namba ya kwanza kwa kubadilishiwa benchi tu.

MAULIZO

Mpigaji wa kengele ya misioni ameonekana akivuta kamba, na mlio umefika baada ya sekunde mbili. Kanisa liko mbali gani?

Kwa nini mtu anayefunga uzi wa kopo kwenye mti katikati ya njia hasikii tena?

Umeona mwanga, ukahesabu 24. Mwaka mtumbwini, na ufuko uko umbali wa robo saa. Mara ya pili umehesabu 18. Radi inakuja au inakwenda? Mtafanya nini?

Simama mbele ya ukuta mrefu au mwamba, upige makofi. Rudi nyuma polepole mpaka usikie mwangwi mbali na kofi lako. Pima umbali huo, umweleze mwalimu kwa nini karibu na ukuta hukuusikia.